Fomu iulize meza, isiulize kitanda: barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,
Sheria House, Nairobi.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwanamume na mwanamke waliogombania ploti ya Dagoretti baada ya kuishi pamoja miaka mingi bila ndoa. Majaji walikataa kuwadhania kuwa mume na mke, lakini mali wakaigawa kwa sababu wote wawili walikuwa wameitolea jasho. Kisha wakasema kwamba huenda wakati umewadia kwa Bunge na ofisi yako kutunga sheria ya watu wanaoishi pamoja muda mrefu bila kuoana, ieleze haki zao na wajibu wao.

Siku 28 baadaye, tarehe 24 Februari, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kumnyima wakili Eric Gitari usajili wa shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Alikataliwa jina la shirika hilo mwaka 2013. Jibu la mwisho akalipata 2023. Uamuzi huo wa pili ndio uliozua kelele. Barua hii inahusu zaidi ule wa kwanza, kwa maana ndio uliokupa wewe kazi.

Tuseme wazi jambo moja ili barua isirushwe kapuni kabla ya ukurasa wa pili: hatuombi ndoa. Ibara ya 45(2) ya Katiba inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 3, inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Ibara ya 45 imo ndani ya Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayotaja haki za kila mtu, kwa hiyo kuigusa ni kwenda kwenye kura ya maoni chini ya Ibara ya 255: angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kaunti zisizopungua nusu, yaani 24 kati ya 47, kisha wengi wakubali. Kura hiyo leo haishindiki, na wakili anayemwahidi mteja wake vinginevyo anakula pesa za bure.

Tunachoomba ni sheria ya kuwasajili watu wawili wanaoishi pamoja bila kuoana: kati ya cheti cha ndoa na kutokuwa na chochote kuna uwanja mpana, na uwanja huo sheria imeuacha kichaka. Wapenzi wa jinsia moja wanapotea humo, lakini si wao peke yao.

Tuanze na ardhi, maana ndiko machozi yaliko. Watu wawili wananunua ploti. Wakili anajaza fomu ya uhamisho na kuandika kwamba wanamiliki kwa pamoja, ule umiliki ambao mmoja akifa mwenzake anabaki na yote. Msajili anaiingiza, hati inatoka, majina mawili, kila mtu ameridhika. Miaka 15 baadaye mmoja anafariki. Aliyebaki anakwenda na cheti cha kifo, akitegemea kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinachomwamuru msajili kulifuta jina la marehemu kwenye daftari. Hapo ndipo anapoelezwa kwamba hakuwahi kuwa na alichodhani anacho. Kifungu cha 91(8) cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba tangu ilipoanza kutumika, bila ruhusa ya mahakama, umiliki wa aina hiyo ni wa wanandoa tu. Wengine wote wakiuandika, unageuka wenyewe kuwa umiliki wa mafungu, kila mtu na fungu lake. Fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Kama hakuacha wosia, mke, mume wala mtoto, kifungu cha 39 cha Sheria ya Urithi kinalipeleka kwa wazazi, kisha kwa ndugu, kisha kwa jamaa hadi daraja la sita, na wakikosekana wote, kwa Serikali. Mtu aliyelipa nusu ya bei na kujenga nusu ya nyumba anajikuta anamiliki kiwanja na shemeji asiyemtambua kuwa shemeji, na shemeji huyo ana haki ya kuomba ardhi igawanywe.

Dawa ipo, ila ni chungu. Ama waombe ruhusa ya mahakama kabla ya usajili, kwa hati za kiapo za wote wawili zinazoeleza nani alitoa nini. Ama waandikishe mafungu waziwazi, tuseme 60 kwa 40, na siku hiyo hiyo kila mmoja aandike wosia wa kumwachia mwenzake fungu lake. Ile ya kufungua kampuni ili kampuni ndiyo imiliki kiwanja inauzwa sana kwa wateja. Tunaiona ni gharama kubwa kwa nyumba ya vyumba viwili.

Angalia pia nani mwingine kifungu cha 91(8) kinamgonga: dada wawili wasioolewa, bibi na mjukuu aliyemlea, wajane wawili waliounganisha akiba zao. Hakuna hata mmoja wao anayetishia Ibara ya 45.

Wosia nao. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yake yeyote amtakaye, na sheria haimuulizi ni nani wake. Kwa nini basi nyosia hizi zinaanguka? Kwa sababu ya siri. Mwenye wosia hataki watu wajue, kwa hiyo anamwita mtu mmoja anayejua, na shahidi wa pili anakuwa mpenzi mwenyewe. Kifungu cha 13 kinabatilisha zawadi kwa shahidi isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Sahihi moja iliyowekwa kwa nia njema inafuta kila kitu alichoachiwa. Na uchungu zaidi ni kwamba siri ile haikuhitaji mpenzi awe shahidi: shahidi hahitaji kujua kilichoandikwa. Karatasi ikunjwe mpaka ibaki nafasi ya sahihi, mwenye wosia atie sahihi mbele yao, nao watie zao mbele yake. Jirani na mwenye duka wanatosha.

Kosa la pili ni maneno. Mtu anaandika "kwa mume wangu" au "kwa mke wangu", na wakili wa familia anapata mlango wa kuingilia. Jina kamili na nambari ya kitambulisho vinatosha. La tatu ni kuwasahau kabisa wazazi au ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu. Chini ya kifungu cha 26 wanaweza kuiomba mahakama iwatengee kitu, ingawa mlango huo hufungwa hati ya usimamizi ikishathibitishwa. Aliyeishi na marehemu miaka 20 hawezi kutumia mlango huo hata siku ya kwanza: kifungu cha 29 kinapotaja wategemezi, yeye hayumo.

Hospitalini sheria ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, na kuliko makarani wanavyoitumia. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inasema mgonjwa asipoweza kukubali matibabu mwenyewe, wa kwanza kumsemea ni yule aliyeidhinishwa na mgonjwa kwa maandishi. Jamaa wa karibu anakuja baada yake. Lakini ukiitazama fomu ya kulazwa utakuta mistari miwili tu: jina la jamaa, uhusiano. Aliye na barua halali mfukoni hana mahali pa kuiandika, na karani asiyeona mahali pake kwenye fomu huona mtu huyo hayupo. Wengine huja na hati ya uwakala wakidhani inatosha, kumbe hati ya kawaida ya uwakala hufa nguvu pale pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, saa ile ile inapohitajika.

Kuhusu mazishi hatutasema mengi. Wambui Otieno alikuwa na cheti cha ndoa, na bado mwaka 1987 ukoo wa mumewe, Umira Kager, ulimshinda mahakamani, na mumewe, S.M. Otieno, akazikwa Nyalgunga siku 154 baada ya kufa. Kama cheti hakikumsaidia mjane, asiye na cheti aandike anakotaka kuzikwa, akijua kwamba mahakama itayasikiliza matakwa yake bila kulazimika kuyafuata.

Sasa sheria yenyewe. Tunajua kinachoitia hofu ofisi yako: hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 24 Mei 2019, iliyokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, mojawapo ya sababu ikiwa hofu ya kuipitisha ndoa kwa mlango wa nyuma. Mswada mbovu utaanguka kwa hukumu hiyo, na mbovu tunamaanisha ule utakaoiga Sheria ya Ndoa na kubadilisha majina. Tena utakuwa mtego. Kifungu cha 162 kina kifungo cha hadi miaka 14 na cha 165 hadi miaka 5. Mtu akitia sahihi kwenye fomu ya Serikali kwamba yeye na fulani ni wapenzi, ameandika ungamo.

Kwa hiyo fomu ya kujisajili iulize meza, isiulize kitanda. Iulize nani anaishi wapi na tangu lini, kodi inalipwa na nani, akaunti ya pamoja iko benki gani, karo ya mtoto inatoka mfuko upi, bima inamtaja nani. Wanaostahili wawe watu wawili wenye miaka 18 na zaidi, ambao hakuna kati yao aliye na ndoa, na ambao wameishi nyumba moja angalau miaka mitatu. Jinsia isitajwe kabisa, wala undugu usiwazuie, ili wale dada wawili nao waingie. Kifungu kimoja kiseme kwamba kilichoandikwa kwenye maombi hakitatumika kama ushahidi katika kesi ya jinai. Bila hicho, hakuna atakayejisajili.

Daftari lenyewe lisiwe la kupekuliwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za familia na za mwelekeo wa kimapenzi kuwa nyeti, na kuna watu wanaishi kwa kuwatisha wenzao ili walipwe wanyamaze. Daftari wazi litakuwa shamba lao. Kila mwombaji aonane na msajili peke yake, mwenzake akiwa nje, maana kuna watakaosajiliwa kwa kulazimishwa, hasa wazee wenye ardhi. Na mlango wa kutokea uwe rahisi: notisi ya maandishi ya siku 90, kisha mali igawanywe kwa mchango wa kila mmoja, kama Mahakama ya Juu ilivyofanya Dagoretti.

Marekebisho ya sheria nyingine ni mafupi. Katika kifungu cha 91(8), baada ya wanandoa, waongezwe waishio pamoja waliosajiliwa. Katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi aongezwe mtu aliyesajiliwa na marehemu na aliyekuwa akitunzwa naye.

Mawakili wako watasema dirisha likifunguliwa mlango utafuata, na watataja Afrika Kusini. Hoja hiyo ina uzito. Huko Mahakama ya Katiba ilianza na vibali vya uhamiaji mwaka 1999, ikaja mafao ya mwenzi wa jaji na kuasili watoto mwaka 2002, ikafika kwenye ndoa tarehe 1 Desemba 2005, na sheria yake ikaanza kutumika 30 Novemba 2006. Lakini katiba yao inautaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina na haina kitu kama Ibara ya 45(2). Yetu inayo, na ufunguo wake uko kwa wapiga kura.

Watakaodai kwamba haijawahi kutokea sheria ya Kenya kuwaweka wanawake wawili katika nyumba moja wasome uamuzi wa Mahakama Kuu ya Mombasa wa 2011, uliomtambua katika mirathi mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Wanandi. Ndoa hiyo ni ya kutafuta mrithi, si ya mapenzi, na hatutaki kuifanyia hila. Tunaitaja kwa sababu jaji aliuliza mila inasema nini juu ya nyumba na urithi wake, na hakuhitaji kuuliza zaidi.

Mswada utachukua muda. Mambo mawili hayahitaji Bunge. La kwanza ni ushauri wako wa kisheria kwa Wizara ya Afya kwamba fomu za kulazwa ziwe na mstari wa "aliyeidhinishwa na mgonjwa kwa maandishi", uwe juu ya mstari wa jamaa. La pili ni waraka kwa wasajili wa ardhi: kila wanapopokea uhamisho wa umiliki wa pamoja kwa watu wasio wanandoa, wawaambie siku hiyo hiyo kifungu cha 91(8) kinasema nini, wasingoje cheti cha kifo.

Rasimu ya vifungu tuliyoeleza hapa tuko tayari kuileta Sheria House siku utakayotaja.

Ni sisi,
Mawakili wa mashauri ya familia, ardhi na mirathi.

Nakala: Tume ya Marekebisho ya Sheria ya Kenya, Kamati ya Bunge la Taifa kuhusu Haki na Masuala ya Sheria.