Fahali aliyeshindwa aachiwe njia

Mhariri,

Krismasi ikikaribia, mabishano kuhusu vita vya fahali hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huanza upya. Wanaotaka mchezo upigwe marufuku hupenda kutoa mfano wa Uingereza, iliyoharamisha kuwinda mbweha kwa mbwa. Mfano huo una funzo, ila si lile wanalolitaja.

Uwindaji ule uliendeshwa hivi. Usiku wa kuamkia siku ya mawindo, mbweha akiwa nje kutafuta riziki, mtu alitumwa azunguke akiziba mashimo yake. Mnyama aliporudi alfajiri alikuta kwake kumefungwa. Ndipo mbwa thelathini, arobaini, walipofunguliwa, wapanda farasi wakifuata nyuma. Mbwa hao walichaguliwa kwa pumzi kuliko mbio, wamfuate kwa harufu mpaka achoke. Na akibahatika kupata shimo lililosahauliwa, alitumbukiziwa mbwa mdogo wa kumbana humo ndani huku watu wakichimba kwa sepetu. Mkulima aliyelizwa kuku angempiga mbweha risasi hata hivyo. Kufa kwake hakukuwa jambo geni. Lililowaudhi watu ni kwamba njia zake zote zilizibwa makusudi ili burudani irefuke.

Scotland ilipiga marufuku mwaka wa 2002. Sheria ya England na Wales ilipitishwa 2004 na kuanza kutumika tarehe 18 Februari 2005. Wawindaji wakabadili jina la mchezo: sasa mbwa wale wale hufuata harufu iliyoburutwa ardhini, na mbweha "akikatiza" njia, basi ni ajali. Scotland ililazimika kutunga sheria nyingine mwaka wa 2023, iliyokataza hata huko kuburuta harufu. Marufuku isiyogusa jinsi mambo yanavyofanyika uwanjani huzaa ujanja tu.

Sasa njoo Shinyalu au Ikolomani Jumamosi saa moja asubuhi, umande haujakauka. Hapa ni fahali kwa fahali. Hakuna mtu mwenye upanga kama Uhispania. Wakiachwa wenyewe, hukutanisha vipaji vya uso, husukumana, hupimana nguvu, na anayezidiwa hugeuka akakimbia. Akishageuka, mchezo umekwisha. Ndiyo kanuni ya wazee wa Isukha na Idakho, jamii za Waluhya wa hapa, na kwa kanuni hiyo fahali ana mlango ambao mbweha alinyimwa. Ukatili huingia pale mlango huo unapozibwa, na wanaouziba ni sisi.

Kwanza ni umati. Viwanja vingi havina ua, watu ndio ukuta. Vijana husogea mpaka hatua tano kutoka kwenye pembe, firimbi mdomoni, simu juu. Fahali aliyezidiwa hutafuta upenyo asione ila miguu ya watu, humrudia mwenzake na kuchomwa ubavuni. Au hupita katikati ya watu. Anayekimbia ni hatari kwa mtazamaji kuliko anayepigana, kwa kuwa anayepigana macho yake yako kwa mwenzake. Tungependa ua wa nguzo na mbao wa urefu wa mita moja na nusu, watu wote nyuma yake, na pande mbili zinazoelekea malishoni ziachwe wazi mita kumi kila moja, bila mtu kusimama hapo. Nafasi hiyo ndiyo muhimu kuliko ua wenyewe.

Wa pili ni yule mwenye kijiti chenye msumari anayemchoma fahali matakoni ili asigeuke. Kwa huyu hatuhitaji sheria mpya. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia ghadhabu au hofu. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mkono.

Pembe zinahitaji maelezo zaidi, maana wengi hudhani ni kama ukucha. Nje ni gamba gumu lisilo na hisia. Ndani kuna mfupa wenye damu na neva, na kwa fahali aliyekomaa mfupa huo una uwazi unaoungana na matundu ya hewa ya kipaji. Anayenoa pembe kwa tupa au kipande cha chupa anageuza kitu cha kusukumia kuwa kitu cha kutobolea. Pembe butu huacha mchubuko. Iliyonolewa huacha tundu la upana wa kidole gumba na kina cha shibiri. Tundu la namna hiyo hufunga juu baada ya siku chache huku ndani kukiwa hakuna hewa, na vijidudu vya pepopunda hupenda mahali kama hapo. Kwa hiyo pembe zikaguliwe langoni. Iliyonolewa, fahali arudi nyumbani. Mwenye kutaka kuipunguza aikate ncha sentimita moja au mbili tu, aizungushe kwa tupa mpaka iwe butu kama kidole gumba, na afanye hivyo wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Akiona hata tone moja la damu, asimame hapo hapo. Ameufikia mfupa, na akiendelea atafungulia inzi na usaha njia ya kuingia kichwani.

Halafu kuna ndoo ya busaa, pombe yetu ya kienyeji, na wapo wanaoongeza gongo ya chang'aa na bangi. Wanasema inampa ushujaa. Haimpi chochote. Inampunguzia maumivu na akili ya kugeuka, yaani inauziba mlango ule ule, safari hii kutoka ndani. Machicha ya pombe kidogo kwa ng'ombe aliyezoea ni chakula kama chakula kingine, lakini ndoo nzima ya ghafla, pamoja na molasi na unga wa mahindi, hugeuza tumbo lake la kwanza kuwa la asidi. Utamwona amejikunja mgongo, hacheui, kinyesi chepesi chenye harufu ya uchachu, na kesho yake halali kwa hiari bali kwa kushindwa kusimama. Mwenyewe atasema amerogwa na wapinzani.

Ulinganifu nao unapuuzwa. Fahali hupangwa kwa sifa na jina, na mizani haipo, lakini utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzingo wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Mwenye mzingo wa 175 na urefu wa 140 ana takriban kilo 395. Tofauti ikizidi kilo 30, wasipambanishwe.

Baada ya mchezo aliyeshindwa husahauliwa, na hapo ndipo sisi huitwa, siku ya tatu, funza wakishaingia. Tundu lioshwe siku hiyo hiyo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu kwa lita. Lisishonwe, liachwe wazi litoe uchafu. Majivu na mafuta ya taa yabaki jikoni. Likiwa tumboni na linatoa harufu ya cheuo, ni kazi ya daktari wa mifugo, wala si ya kusubiri. Dawa ya kuua vijidudu nayo hutolewa kwa kupunja: oksitetrasaiklini ya asilimia 20 hupimwa mililita moja kwa kila kilo kumi, hivyo fahali wa kilo 400 anahitaji mililita 40, zikigawanywa sehemu kadhaa za mwili. Tunakuta amechomwa kumi. Na mara nyingi wiki hiyo hiyo anauzwa kwa mchinjaji, ilhali nyama yake ingepaswa kusubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa dawa hiyo ni wiki kadhaa.

Ugonjwa wa miguu na midomo tuutaje kwa ufupi. Fahali anaweza kuusambaza kabla hata ya kidonda kuonekana, na hapa wanyama wa vijiji tofauti wanasuguana mate. Kukiwa na karantini, hakuna mchezo, hata ule wa mazishini, hata kama marehemu alikuwa bingwa wa kufuga fahali.

Haya yote yako mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti shughuli za utamaduni na burudani, na orodha hiyo hiyo imeipa udhibiti na ustawi wa wanyama. Anayetoa kibali cha mchezo anaweza kukiwekea masharti: ua, ukaguzi wa pembe, utepe, na daktari mwenye uwezo wa kusema huyu haingii. Ngoma ya isukuti, inayowasindikiza fahali hadi uwanjani, iliingia mwaka wa 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Haitapungua mdundo kwa sababu fahali amepimwa kifua.

Sharti la mwisho, la kuwa na watu wa kuwatenganisha fahali, tumeliona likifanya kazi Niigata, Japani, ambako fahali hupambanishwa na kutenganishwa kabla mmoja hajashindwa. Mshikaji hunasa mguu wa nyuma kwa kitanzi cha kamba na kuuvuta, na fahali akishapunguza msukumo, mwingine humdaka pua. Kamba ya katani ya unene wa kidole inafaa. Ya nailoni huchana ngozi. Kila fahali awe na watu wanne, na wajifunze kwanza kwa madume wachanga wasio na hasira.

Wafugaji na wahudumu wa mifugo,
Shinyalu, Kakamega