Ami, kidonge usikiache kimyakimya

Ami yangu, assalamu alaykum.

Nimesikia umeacha akarabosi, kile kidonge chako cha kisukari, kwa sababu tumbo linajaa gesi na unaona haya kukaa msikitini. Haya hiyo naielewa, wala sikulaumu. Ila nataka ujue gesi yenyewe yatoka wapi, maana ndiyo kazi niliyo nayo maabarani kutwa.

Ukienda ufukweni Mama Ngina, chukua kipande cha muhogo kabla hakijatiwa pilipili, ukitafune polepole bila kumeza. Kitaanza kuwa kitamu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata wanga. Kazi humaliziwa kwenye utumbo mwembamba na kimeng'enya kingine, glukosidesi, na glukosi, yaani sukari iliyokwisha kukatwa, ikaingia damuni. Akarabosi huvizuia vyote viwili. Ndiyo maana humezwa na tonge la kwanza. Ukingoja umalize mahamri na mbaazi, umechelewa. Wanga usiokatwa hushuka utumbo mpana, bakteria wakaula, gesi ikatoka hapo. Tumbo lako si bovu, Ami.

Akarabosi hutokana na bakteria, na Marekani iliidhinishwa mwaka 1995. Wanakemia sasa wanaunda molekuli nyingine kwa mikono yao, zitakazoibana glukosidesi sana na amilesi kidogo tu, ili tumbo litulie. Namna ya kuzipima ni hivi: kimeng'enya hutiwa kwenye maji meupe yenye kemikali maalumu, na kikiikata, maji yanageuka manjano. Siku ninayoweka molekuli mpya na maji yakabaki meupe, maana yake kimeng'enya kimezuiwa, moyo hunienda mbio. Lakini kimeng'enya hicho mara nyingi hutoka kwenye hamira, jamii ile ile inayoumua mahamri yako, na kinachozuia cha hamira huenda kisizuie cha utumbo wa mtu. Kwa hivyo ile chupa ya dawa ya unga uliyouziwa kwa maneno ya "imepimwa maabara", tafadhali iweke kando.

Rudi kliniki umwambie daktari habari ya gesi bila kuficha. Dozi huweza kuanza ndogo ikapandishwa taratibu.

Lililo zito zaidi kwangu ni hili. Wewe unadunga insulini pia. Daktari akitaka uendelee na akarabosi, kisha siku moja sukari ikashuka ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, chai ya sukari itachelewa kukufaa, kwa kuwa sukari ya kawaida nayo husubiri kukatwa na kimeng'enya kilichozuiwa. Glukosi haisubiri. Nimempa Mama pakiti mbili akuletee Ijumaa. Moja ikae kwenye mfuko wa kanzu.