Barua kwa mwanangu kabla hajapanda basi la Kolwezi

Lubumbashi, Katuba, Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Nimemtuma mtoto wa yaya yako, dada yako mkubwa, akuletee barua hii pamoja na ile sufuria kubwa ya bukari, ile ya kusongea ugali. Soma kwanza, sufuria itangoja. Ningekuja mwenyewe hapo Ruashi, lakini kwa mdomo ningeanza na habari za unga, niingie kwenye bati la jikoni, mwisho nirudi nyumbani bila kusema nililokuja kusema. Najijua.

Yaya yako ameniambia. Usimkasirikie, ulimi ulimteleza tukiwa tunachambua matembele, alidhani najua. Kumbe ni wiki tatu sasa umewekewa kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba, kile wauguzi wanachokiita stérilet, na mimi mama yako nimepita kwako kila Jumapili, nimembeba mtoto, nimekunywa chai yako, hukunigusia hata neno. Iliniuma. Nililala nayo usiku mzima. Asubuhi nikajiuliza: angeniambia, ningemjibu nini? Hapo nikanyamaza.

Sikuandikii ukitoe. Nakuandikia juu ya damu.

Jumapili iliyopita uliponipa beseni la unga nilikiona kiganja chako. Kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyefua tangu alfajiri, na wewe siku hiyo hukufua. Kisha ukapanda zile ngazi tatu za mlangoni ukashika ukuta. Nilisema moyoni ni usingizi, mtoto ananyonya usiku kucha. Sasa nasikia siku zako zilirudi na zimekaa siku tisa. Tisa, mwanangu! Wewe, mwenye damu ya kuhesabu. Usiku wa kumzaa Ketsia unaujua na mimi naujua, siurudii hapa. Lakini usinitake nikae kimya nikiuona mkono ule.

Jana nilikwenda kwa yule muuguzi wa kupanga uzazi. Habari zako hakunipa, alikataa katakata, akasema hayo ni ya mwenyewe. Alifanya vizuri ingawa niliona haya. Basi nikamuuliza kama mwanamke yeyote anavyouliza. Akatoa kwenye droo kimoja cha kufundishia, akakiweka mkononi mwangu. Kijiti cheupe cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wake haufiki sentimita nne. Mguu wake umezungushiwa waya wa shaba kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani, kila mkono umevikwa kipande cha shaba, na chini zinaning'inia nyuzi mbili nyembamba. Akaniambia ile namba 380 iliyo kwenye jina lake ni milimita za mraba za shaba. Miaka ishirini nimefua mashati ya marehemu baba yenu yakirudi kutoka kiwandani, shaba naijua kwa harufu. Sikuwahi kuishika ikiwa nyepesi namna ile.

Akanieleza kazi yake, nami nakuandikia kama nilivyoelewa, maana huko uendako watu watakuambia mengi. Shaba inaachia chembe zake kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, na chembe hizo zinazilemaza mbegu za mwanaume zisilifikie yai. Kwa hiyo haitoi mimba, inazuia isiingie. Haipandi kwenye moyo, haipandi kichwani, mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda huko. Na haina homoni hata chembe. Hapo ndipo nilipokuelewa, mwanangu. Kwa presha iliyokushika ukiwa na mimba, na kichwa kile cha wakati wa sindano za miezi mitatu, ulitafuta kitu kisichoigusa presha wala maziwa ya mtoto, na ulikipata. Yaya yako anasema ulikaa mbele ya muuguzi na karatasi ya maswali, ukauliza moja moja mpaka ukamaliza. Nilijivuna nikiwa peke yangu jikoni. Mimi sikuuliza hata moja.

Miaka 10 kinakaa, na katika wanawake 100 hata mmoja ni shida kushika mimba mwaka wa kwanza. Siku ukitaka mtoto mwingine kinatolewa na uzazi unarudi palepale. Hayo mazuri yote nimeyasikia.

Lakini shaba inataka damu. Muuguzi mwenyewe hakuficha: siku zinaongezeka, damu inakuwa nyingi, tumbo linakata, hasa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, halafu wengi inawapungukia. Kwa mwanamke mwenye damu ya kutosha hiyo ni taabu ya kuvumilia. Kwa wewe ni jambo la kufuatwa. Nilimuuliza kama mwenye damu kidogo anakatazwa, akasema hakatazwi, ila asiachwe bila kuangaliwa. Umesikia? Asiachwe. Na wewe unataka kupanda basi Jumamosi, wakati Jumatatu ndiyo siku ya kurudi kwake kuangaliwa. Hiyo Jumatatu ipo kwa sababu. Baada ya siku za kwanza kupita wanaangalia kama kitanzi kimekaa mahali pake, maana kikitaka kutoka chenyewe, mara nyingi kinatoka miezi hii ya mwanzo, na mwanamke anaweza asijue. Utafika Kolwezi ukidhani umefungwa mlango, kumbe uko wazi, na mtoto ana miezi saba tu. Basi za Kolwezi ziko kila siku. Kilomita 300 hazitahama.

Na umwambie akupime damu. Usiseme "najisikia vizuri". Wewe tangu utoto unajisikia vizuri mpaka unaanguka.

Ukiwa huko, kila asubuhi ya Jumapili simama mbele ya kioo, vuta chini ngozi ya jicho, angalia ndani. Ikiwa nyekundu, Mungu asifiwe. Ikiwa nyeupe, usingoje Jumatatu. Siku zikizidi nane, au damu ikiwa mara mbili ya ulivyozoea, nenda. Homa na maumivu chini ya tumbo, au uchafu unaonuka, nenda siku hiyohiyo. Nyuzi ukizitafuta baada ya siku zako usizipate, au ukagusa kitu kigumu, nenda, na mpaka uangaliwe tumieni kapote, yaani kondomu. Siku zako zisipoonekana kabisa, usiseme ni kunyonyesha, nenda upimwe haraka, maana mimba ikishika juu ya kitanzi inaweza kushika nje ya mfuko, na hiyo inaua. Ni nadra, lakini nimekuandikia.

Ibuprofen inasaidia tumbo na inapunguza damu kidogo, ila muulize kwanza kwa ajili ya presha yako. Vidonge vya damu vile vya chuma, umeze. Najua vinakufunga choo, umeze hivyohivyo. Nimekufungia kilo mbili za vinkubala, wale viwavi vikavu, na ndakala, samaki wadogo, viko ndani ya sufuria. Maini ukipata, kula wewe kwanza, usiwagawie wote ukabaki na mchuzi kama unavyofanya. Na chai acha kunywa pamoja na chakula, inazuia ile nguvu ya chuma isiingie mwilini. Kunywa baadaye. Nimekuambia hili tangu ukiwa na mimba ya kwanza, na Jumapili nilikuta kikombe kando ya sahani.

Sasa yaya yako.

Aliposhika ile mimba ya nne, mtoto wa tatu hajaanza kutembea, alikuja kwangu akilia. Aliniuliza kuna dawa gani. Mnajua wote nilivyomjibu. Nilisema vitu vya kutia ndani vinaharibu mfuko, nikamtajia mwanamke fulani wa Kamalondo ambaye sina hakika hata kama alikuwapo. Baadaye zilikuja ya tano na ya sita, na mgongo wake leo unauona. Akichuchumaa kuwasha makala, yaani makaa, anainuka kwa kushika meza.

Kwenye bahasha hii kuna kadi ya manjano iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kwenye bati la biskuti, chini ya kitambulisho cha baba yenu. Jina lililoandikwa ni langu. Tarehe ya juu ni ya 1996, wewe ulikuwa na miaka miwili. Mkoa wetu bado uliitwa Shaba, utaliona neno kwenye muhuri, mwaka uliofuata tukarudi kuwa Katanga. Tarehe ya chini ni ya 2006, siku kilipotolewa. Siku hiyo niliwaambia naenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kununua unga, na kweli nilirudi na unga.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini huna mdogo wako. Nilikuwa nasema Mungu ndiye aliyefunga. Baba yenu naye alifikiri hivyo, alikufa akifikiri hivyo.

Kadi usimpe yaya yako. Nitamwambia mwenyewe, natafuta siku.

Nami nilitoka damu ile miezi ya kwanza, ndiyo maana naijua. Nilifua usiku vitambaa vyangu nikavianika chini ya nguo nyingine. Hakuna aliyenipima, hakuna niliyemuuliza, kwa sababu niliyemwambia ni nani? Nilizunguka na kizunguzungu nusu mwaka nikisema ni malaria. Wewe usifanye hivyo. Una yaya, una mimi, una simu.

Mume wako ajue. Kama hajui bado, mwambie kabla ya wiki kwisha, wewe mwenyewe, kwa maneno yako, asije akasikia kwa shemeji. Muuguzi alinionyesha kwamba sheria ya afya ya 2018 inataka mke na mume wasikilizane, na wakipishana juu ya njia, neno la yule inayemhusu ndilo linalopita. Lakini sheria iko Kinshasa na wewe utakuwa Kolwezi, jikoni kwake. Mwambie mapema. Mwambie presha, mwambie usiku wa Ketsia, alikuwapo, alisimama kwenye korido. Akisema nyuzi zinamsumbua, zinaweza kukatwa zikawa fupi, si sababu ya kukitoa.

Na jambo jingine ambalo mama mkwe hapaswi kusema. Amekaa peke yake huko miaka miwili, mji ule una migodi na pesa na watu wengi. Simshutumu, ni mtu mwema. Shaba haizuii ukimwi, haizuii kisonono wala kaswende. Mukifika, mpimwe wote wawili, na mpaka majibu yatoke tumieni kapote. Muuguzi alisema magonjwa hayo yakimkuta mwenye kitanzi, maambukizo yanaweza kupanda mpaka kwenye mirija. Mwambie ni maneno ya mama yako akikasirika. Anikasirikie mimi.

Mtoto wako mkubwa ataendelea kulala chumba cha mbele, godoro nimelianika. Pesa ya shule ya muhula huu nitaitoa kwenye likelemba yangu, ule upatu wetu, ya mwezi wa kumi, yako weka ya vidonge na maini. Bati la jikoni linavuja upande wa mlango, nimempata kijana wa kulipiga misumari kabla mvua hazijaanza. Gunia la makala limepanda tena, ukinunua huko njiani nunua mawili, moja mumpe dereva alirudishe kwangu. Jirani hajarudisha beseni lako la bluu, nitalifuata. Cherehani usiibebe, vumbi la Kolwezi litaimaliza. Iache kwangu, yaya yako ataishonea sare za watoto.

Sufuria usimwazime mtu. Ni ya nkambo yako, bibi yako.

Jumatatu muuguzi anafungua saa mbili asubuhi, wa kwanza kufika hawangoji. Nitakuwa hapo kwako saa moja kumshika mtoto. Tiketi ya Jumamosi mpe kijana niliyemtuma, anamjua mtu wa basi, ataibadilisha iwe ya Jumatano.

Mama yako