Barua ya wazi kwa Waziri wa Wakimbizi: Misri yetu ilikuwa Aru

Mheshimiwa Waziri wa Misaada, Maandalizi ya Maafa na Wakimbizi,

Bwana asifiwe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya watu ninaowasemea, na ndiyo niliyoisikia nikiwa mgongoni mwa mama. Mimi ni Mganda wa Arua, lakini nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Aru, Zaire ya wakati ule. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoichachamalia West Nile, eneo letu, mwaka uliofuata, wazazi wangu walivuka wakiwa na mkeka na sufuria moja. Wenyeji waliwakatia kipande cha shamba, wakapanda muhogo. Kwa hiyo Walawi 19 inaposomwa kanisani, pale Mungu anapowakumbusha Waisraeli kwamba nao walikuwa wageni Misri, wenzangu humfikiria Farao. Mimi huukumbuka muhogo ule.

Sasa ni zamu yetu. Tangu waasi wa M23 waiteke Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani mwetu, Juni 2022, ibada yetu ya Kiswahili hapa Katwe haina benchi tupu kwa wingi wa wakimbizi Wakongomani.

Sikuja kuilaumu sera. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazithubutu. Hata Wapolandi tuliwahifadhi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa walilolijenga Nyabyeya, upande wa Masindi, lingali limesimama. Ukipita huko, shuka ulione. Lakini sifa za ukarimu wetu, Mheshimiwa, tumezisikia mpaka zimetulevya. Mkarimu anatoa akipenda. Mgeni wa kwenye Torati hakuachiwa mapenzi ya mtu: ana haki, na haki ni deni.

Soma Kumbukumbu la Torati 24. Mgeni ametajwa bega kwa bega na yatima, pale tunapokatazwa kupotosha hukumu yao. Kibarua, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ileile kabla jua halijatua. Musa alimwekea mwajiri saa! Sisi nasi tumejiwekea saa: sheria yetu inataka ombi la hifadhi liamuliwe ndani ya siku 90. Mama mmoja muuza vitenge ninayemsindikiza amesubiri misimu miwili ya mvua. Safari ya mwisho, katika ofisi ambayo sitaitaja, mkalimani alimwambia kwamba faili lake limelala, na faili likilala huamshwa. Alinena mbele yangu bila woga, akidhani nami ni Mkongomani. Mama akafungua fundo la leso akatoa shilingi 50,000, mtaji wake wa vitenge. Mimi nilitazama chini nikanyamaza. Barua hii naiandika kwa sababu nilinyamaza.

Wala dhambi haiko ofisini peke yake. Tunao wazee wa kanisa wenye nyumba za kupangisha ambao Mkongomani humwongezea kodi, eti "hawa hutumiwa dola". Tunaye dada anayepiga pasi na kuosha vyombo kwa nusu ya ujira ambao angelipwa mzalia, na Jumapili husimama kwaya moja na mwajiri wake, sauti ya pili wote wawili. Mchungaji aliposoma mstari wa 14 wa sura hiyo, benchi la mbele liligeuka kuchunguza mabati.

Najua utakaloambiwa: wenyeji nao wana shida. Ni kweli. Watu wa Yumbe na Isingiro wamegawana ardhi, maji na kuni na wageni, na sasa mgao wa chakula umepunguzwa, na njaa ya kambini huvuka hadi kijijini. Hapo fedha zinahitajika, na fedha hakuna. Lakini ninaloliomba halina gharama hiyo. Hesabu 15 inataka sheria moja kwa mzalia na kwa mgeni. Karatasi iliyotangazwa kuwa bure ikitolewa bure kweli, haimpunguzii Mganda hata kidonge kimoja zahanati.

Ombi langu ni hili. Kila ofisi inayohudumia wakimbizi ibandike mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba huduma ni bure, kwamba jibu linatakiwa kutoka ndani ya siku 90, na nambari ya simu ya kupiga ukiombwa kitu kidogo. Kila ombi likipokelewa, mwombaji apewe tarehe iliyoandikwa na kugongwa mhuri, ili siku ya 91 awe na cha kuonyesha. Na tangazo liwe katika lugha za wanaopanga foleni, si Kiingereza pekee. La Kiswahili nitalitafsiri mwenyewe, bila malipo, hata kesho asubuhi.

Wako katika Kristo,
Mkalimani wa ibada ya Kiswahili, Katwe, Kampala