Kwa nini hatukuuzii asali ya kupaka jeraha bichi

Haipiti wiki bila mtu wa boda kuingia dukani kwetu hapa Kampala, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu, akiomba "asali ya kidonda". Asali tunayo, ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyeusi na nzito. Hatumuuzii. "Ssebo (bwana), anzia kliniki." Wengine huondoka wamenuna, wakidhani tunawanyima dawa ya bibi zao.

Bibi hakukosea. Asali nzuri ina maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo hufyonza unyevu na kuwanyima vijidudu maji. Ina uchachu. Ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yalikuta majeraha ya moto yasiyozama sana yakipona mapema zaidi kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Kwa vidonda vya kisukari, ushahidi haukutosha.

Tatizo ni chupa yetu. Asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria wa botulini, wanaotoa sumu inayopoozesha mwili. Yetu imechujwa tu kwa kitambaa. Ukiichemsha umeharibu zaidi: mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka, kimeng'enya ndicho kinachokufa. (Ndiyo sababu pia mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali, hata tone.)

Na majani ya ssere (kishona nguo), ambayo watu huponda na kupaka jeraha? Maabara zimeona dondoo zake zikizuia baadhi ya bakteria, lakini dondoo ya maabara si jani lililochumwa kando ya njia ya ng'ombe na kupondwa juu ya jiwe. Mbegu za pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na jeraha lenye kina, lisilopata hewa, ndilo zinalolipenda.

Kwa hiyo damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi bila kufunuafunua. Ukiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha kimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Aliyechomwa na msumari aulizie sindano ya pepopunda hata kama tundu ni dogo.

Ukishashonwa, pita dukani. Asali ya chai ipo, nusu lita na lita nzima.