Mama Nyemo, hilo daftari lifunge kwanza

Dodoma, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Nyemo,

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi la Kondoa, pamoja na asali. Asante, ila kizibo kilikuwa kimelegea na karatasi imeloa utamu mtupu.

Unasema umejaza daftari maneno 400 ya Kiingereza na kila ukiamka unakuta yamehama kichwani. Lifunge kwanza. Nani alikukalisha chini akakukaririsha mpishi, mapishi, upishi, kupikika? Ulijua pika, mengine yakaja yenyewe. Kiingereza nacho kina mashina yake, na mengi yametoka kwenye Kilatini: mengine kupitia vitabu, mengine kupitia Kifaransa cha Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066.

Mimi nilianza na port, hapahapa steshenari tunapochapia wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kazi zao. Kwa Kilatini portare ni kubeba. Ex- ni nje, basi export ni kupeleka nje. Import, kuingiza ndani. Transport, kubeba toka huku hadi kule. Na portable? Hapo nilicheka peke yangu mpaka mteja akanikodolea macho. Ile -able si ndiyo -eka yetu? Kubebeka!

Lakini kilichonikosesha usingizi ni hiki. In- ya kukanusha ikikutana na p inageuka im-, ndiyo impossible, haiwezekani. Ikikutana na l inakuwa il-, ndiyo illegal, si halali; na r, ir-, ndiyo irregular, si ya kawaida. Shuleni tulichapwa kwa ajili ya hayo. Kumbe nasi ndivyo tusemavyo tangu tuachishwe ziwa: nguo nzuri, nguo mbaya, nguo ndefu. Jaribu kusema "nguo nbaya" uone midomo itakavyokugomea.

Ila usijiamini kama mimi. In- ziko mbili. Moja inakanusha, nyingine ni ya "ndani", ileile ya import. Mwezi uliopita shemeji alileta kopo la thina, anataka kupaka geti rangi. Limeandikwa INFLAMMABLE. Mimi msomi nikapiga hesabu: flamma ni mwali, in- ni si, basi hii haishiki moto. Nikalisukuma uvunguni, hatua moja toka jiko la mkaa lenye chai. Shemeji kuingia, kuliona, akalinyakua akatoka nalo mbio peku mpaka barabarani. Kumbe neno linatokana na inflammare, kuwasha moto! Inflammable na flammable ni kitu kimoja. Hadi leo ananiita Mama Thina.

Kwa hiyo ukurasa mmoja, shina moja, na kamusi pembeni ya kuhakikisha. Anza na script, kuandika. Neno la kwanza tayari unalo nyumbani, prescription, kile cheti cha dawa za bibi. Describe, yaani eleza, shina ni lilelile ila hapo limevaa scrib; utaiona mwenyewe kwenye mitihani ya zamani, haikosekani. Mengine ukiyapata niandikie.

Nisalimie Nyemo. Na asali ijayo, kizibo ukikaze.

Wako,
Mama Thina