Katika sinema za historia za Uturuki, "sisi" ni nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kuhusu filamu na tamthilia za historia kutoka Uturuki, ambazo siku hizi zina watazamaji wengi miongoni mwa wasomaji wako. Mjadala wake, kila ninapousikia, huishia kwenye swali moja: je, mambo yalitokea kweli kama yanavyoonyeshwa? Swali hilo ni halali, lakini kuna jingine ambalo naamini linapaswa kulitangulia. Filamu inapotamka "sisi" na "mababu zetu", inamhesabu nani na inamwacha nani mlangoni? Jibu la swali hilo limebadilika mara kadhaa nchini Uturuki katika miaka mia moja iliyopita, na mabadiliko hayo yote yanasomeka kwenye skrini.

Nianze na siku ya kuzaliwa kwa sinema yenyewe, ambayo Uturuki huihesabu kuwa tarehe 14 Novemba 1914. Dola ya Osmani, iliyoitangulia Uturuki ya leo, ilikuwa ndiyo kwanza imeingia vitani dhidi ya Urusi, na huko Ayastefanos, kitongoji cha Istanbul ambacho leo kinaitwa Yeşilköy, ulibomolewa mnara ambao Warusi waliujenga kukumbuka ushindi wao katika vita vya 1877 na 1878. Inasemekana kwamba ofisa wa jeshi aitwaye Fuat Uzkınay aliupiga picha za filamu mnara huo ulipokuwa ukibomolewa. Nasema inasemekana kwa sababu filamu hiyo haijapatikana, na wanahistoria wa sinema wa Uturuki wenyewe wamebishana kama iliwahi kupigwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, ndugu wawili, Yanaki na Milton Manaki, raia wa dola hiyohiyo, walikuwa wamempiga picha Sultani Mehmed Reşad akizuru mji wa Manastır, na filamu yao ipo mpaka leo. Lakini ndugu hao walikuwa Wakristo wa jamii ya Wavlaki wa Balkani, na mji wao, ambao sasa unaitwa Bitola, ulikuja kubaki nje ya mipaka ya Uturuki. Basi filamu inayoonekana ikawekwa kando, na kitovu cha sinema ya taifa kikazikwa kwenye filamu isiyoonekana, ya mnara wa adui, iliyopigwa na mkono wa Mturuki.

Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1923, adui na shujaa walikuwa wameshapangwa. Mwaka huohuo Muhsin Ertuğrul aliongoza filamu ya Ateşten Gömlek, kutokana na riwaya ya Halide Edip Adıvar kuhusu Vita vya Uhuru, vilivyopiganwa hasa na jeshi la Ugiriki, na humo wakaonekana Bedia Muvahhit na Neyyire Neyir, wanawake wa Kituruki Waislamu, katika kazi ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ikifanywa na waigizaji wasio Waislamu, wakiwamo Waarmenia. Riwaya nyingine ya mwandishi huyohuyo, Vurun Kahpeye, inasimulia habari za Aliye, mwalimu kijana aliyekwenda kufundisha Anatolia, akauawa na umati uliochochewa na mtu wa dini aliyeshirikiana na jeshi la Ugiriki. Hadithi hiyo imefanywa filamu mara tatu, mwaka 1949, 1964 na 1973. Ndani yake "sisi" ni mwalimu na askari wa Mustafa Kemal, mwasisi wa Jamhuri aliyekuja kuitwa Atatürk. Kasri la Sultani, ambalo serikali yake ilitia saini Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920, uliowagawia washindi wa vita nchi ya Waosmani, halimo katika "sisi" hiyo, na kilemba kinatazamwa kwa shaka. Mtazamaji wa leo anayedhani kwamba Waturuki wamekuwa wakiwatukuza masultani tangu zamani angeshangaa sana kuiona.

Kisha zikaja zile filamu za mapanga na farasi za miaka ya 1960 na 1970, enzi ya Yeşilçam, kama inavyoitwa tasnia ya filamu ya Uturuki ya wakati huo, ambazo kwa watoto wa wakati huo zilikuwa darasa la historia kuliko kitabu chochote. Cüneyt Arkın, aliyesomea udaktari kabla ya kuwa mwigizaji, anaruka kuta za ngome kwa msaada wa trampolini iliyofichwa, anawaangusha kwa pigo moja askari kumi wa Bizanti, yaani dola ya Kikristo ya Rumi ya Mashariki, na binti wa mfalme wa Kikristo anampenda na kusilimu. Mambo hayo yana raha yake na siwezi kumlaumu aliyekua akiyapenda. Lakini mtazame shujaa wa Battal Gazi Destanı ya mwaka 1971. Battal wa historia alikuwa mpiganaji wa jeshi la Bani Umayya, watawala Waarabu, aliyeuawa vitani Anatolia mwaka 740, zaidi ya karne tatu kabla ya vita vya Manzikert vya 1071 vilivyowafungulia Waturuki nchi hiyo. Masimulizi ya watu yalimchukua zamani sana yakamfanya wao, nayo ni haki ya masimulizi popote duniani. Sinema ikampa sura ya Mturuki wa kisasa, nyusi zilizokunjwa, kifua wazi, mkono kiunoni, akapambana na Wagiriki wa skrini katika miaka ambayo Uturuki na Ugiriki zilikuwa zikivutana juu ya Kupro.

Mwenye shaka kwamba dola huzichukulia filamu hizi kwa uzito na akumbuke Yorgun Savaşçı. Mwongozaji Halit Refiğ, mtu aliyetumia maisha yake kutetea sinema ya taifa, aliitengenezea televisheni ya taifa, TRT, tamthilia kutokana na riwaya ya Kemal Tahir kuhusu maofisa wa jeshi waliochoka na vita katika miaka ya mwanzo ya mapambano ya uhuru. Mwaka 1983, chini ya utawala uliotokana na mapinduzi ya kijeshi, mikanda yake ilichomwa moto kwa amri. Kosa lake halikuwa kuwatetea maadui, bali kuwasimulia wazalendo kwa namna ambayo haikuwa imeidhinishwa. Nakala moja ilisalia, na ilirushwa hewani miaka kumi baadaye.

Ndiyo maana natamani tuitazame kwa macho mawili Fetih 1453, filamu kuhusu Waosmani walivyouteka mwaka 1453 mji wa Konstantinopoli, makao makuu ya Bizanti, ambao leo ni Istanbul. Filamu hiyo ya Faruk Aksoy ilitolewa tarehe 16 Februari 2012, na onyesho lake la kwanza lilianza saa 8 na dakika 53 mchana, yaani 14:53, ili saa yenyewe iutaje mwaka. Zaidi ya watu milioni 6 waliiona nchini Uturuki. Jina lake halisemi "kuteka". "Fetih" ni neno lenye asili moja na Alfatiha, yaani kufungua, na filamu inafunguka Madina, zama za Mtume, kwa bishara kwamba mji huo utafunguliwa. Kwa hiyo kabla Sultani Mehmed wa Pili hajazaliwa, mtazamaji ameshaambiwa kwamba mji ni wake. Konstantino, mfalme wa Bizanti, anaonyeshwa katika anasa, ilhali mji wa mwaka 1453 ulikuwa umefukarika, una walinzi wapatao 7,000, na yeye mwenyewe alikufa akipigana. Mwishoni Sultani anaingia Hagia Sofia, kanisa kuu la mji, anawakuta watu wamejikunyata kwa hofu, anawaahidi usalama wa maisha na dini yao, na anambeba mtoto mdogo mikononi. Uporaji na utumwa uliowapata wakazi siku hizo za Mei hauna nafasi ndani ya picha hiyo.

Kuficha uporaji, hata hivyo, si jambo linalonisumbua zaidi, kwa maana sinema za mataifa mengi hufanya hivyo. Linalonisumbua ni kwamba filamu inamnyima Mturuki wa leo historia yake iliyo tajiri zaidi. Katika jeshi la Mehmed walikuwamo Waserbia Wakristo, wapanda farasi na wachimba mahandaki, waliotumwa na mtawala wao aliyekuwa chini ya Sultani. Na juu ya kuta, upande wa Bizanti, alikuwapo Orhan, mwana wa nasaba ya Osmani, akipigana kumzuia jamaa yake asiingie. Urban, fundi wa mzinga mkubwa, kwanza alipeleka ujuzi wake kwa Konstantino, ambaye hakuwa na fedha za kumlipa. Na Mehmed, alipokwisha kuingia, alijiita Kaisari wa Rumi. Mtu aliyetaka kuwa mrithi wa Rumi hatoshi ndani ya vazi la shujaa wa taifa moja lenye lugha moja na dini moja. Utaifa wa namna hiyo ni wa karne ya 19 na ya 20, na yeye hakuujua.

Tangu hapo masultani wamekuwa "sisi" tena, hasa katika televisheni. TRT ilionyesha Diriliş: Ertuğrul kuanzia 2014 hadi 2019, misimu mitano, juu ya mtu ambaye ushahidi wa wakati wake hauzidi sana jina lake kwenye sarafu ya mwanawe Osman, mwasisi wa nasaba ya Osmani. Upande wa pili, Muhteşem Yüzyıl, iliyomwonyesha Sultani Süleyman katika mapenzi na fitina za nyumba ya wake zake, ilikemewa hadharani mwaka 2012 na Waziri Mkuu Erdoğan, aliyesema kwamba babu huyo alitumia miaka 30 juu ya farasi. Babu wa kwenye farasi anaruhusiwa. Babu anayependa na kukosea anapelekewa malalamiko.

Zipo filamu nyingine, na hizi ndizo ninazotaka zijulikane. Salkım Hanımın Taneleri ya mwaka 1999 inahusu kodi ya mali ya 1942, iliyowafilisi Waarmenia, Wagiriki na Wayahudi, na walioshindwa kulipa wakapelekwa kwenye kambi ya kazi ngumu ya Aşkale. Güz Sancısı ya mwaka 2009, ya mwongozaji huyohuyo, Tomris Giritlioğlu, inahusu usiku wa tarehe 6 Septemba 1955, maduka na nyumba za Wagiriki wa Istanbul zilipovunjwa baada ya habari kuenezwa kwamba nyumba alikozaliwa Atatürk huko Thessaloniki imelipuliwa. Zimetengenezwa na Waturuki, kwa Kituruki, na watu waliozitengeneza wanaipenda nchi yao kiasi cha kuwarudisha majirani zake ndani ya picha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa sanaa unapoandika juu ya filamu yoyote ya Kituruki ya historia, utaje mwaka iliotengenezwa na nani aliyeilipia, kabla ya kutaja mwaka inaousimulia. Na kama siku moja utaandika habari za tarehe 14 Novemba, weka pale picha ya ndugu Manaki: Sultani mzee anapita Manastır mwaka 1911, na barabara imejaa raia wake wa kila dini waliotoka kumwona.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi